Sufuria Iliyoenda Harusini

Ninyi wajukuu wangu, pamoja na hao wenzenu wa plot wanaokuja kuchaji simu kwangu na kuacha mlango wazi, kaeni chini msome. Shule yangu mimi ni ngumbaru, ile ya watu wazima, na nilikaa huko mpaka nikajua kuandika jina langu na kusoma barua ya mtu mwingine, basi. Kwa hivyo msitafute maneno matamu hapa. Sitawaambia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wa rangi gani, hayo mmesikia mpaka mkapiga miayo mbele yangu. Nataka kuwaambia juu ya mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa mpishi wa uji katika nasari ya Bulla Pesa, hapa Isiolo. Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Karimi kule Chechelesi, na pale matangani niliona mambo yaliyonirudisha kwa ule mwaka. Tuliporudi nyumbani mlinong'onezana, "Nyanya amekasirika, msimsemeshe." Ndiyo, nimekasirika. Nimekasirika tangu wakati huo, ni vile tu nilikuwa na kazi nyingi.

Nasari yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya kanisa, ukuta wa udongo, mabati juu, na dirisha moja lisilo na kioo tulilolifunika kwa gunia upepo wa vumbi ukianza. Watoto walikaa chini kwenye magunia mengine. Hakukuwa na picha wala kitu cha kuchezea isipokuwa vifuniko vya soda na mipira ya matambara aliyoshona Mwalimu mwenyewe. Jiko langu lilikuwa nyuma, mawe matatu chini ya mgunga, na juu ya mawe hayo sufuria moja kubwa ambayo akina mama wote walichangia kununua, Waturkana, Wameru, Waborana na Wasomali, kila mmoja na kidogo chake. Ilikuwa kubwa kiasi cha kuogeshea mtoto. Watoto waliiita Landrova kwa sababu ya vile ilivyonguruma nikiiburuta juu ya mawe, na mlio huo ukisikika ndani, hakuna mwalimu duniani angeweza kuwakalisha tena. "Landrova imefika! Landrova imefika!" Nilikuwa nawafokea, nao hawakuniogopa hata kidogo, jambo ambalo lilinishangaza maana watu wazima waliniogopa.

Mwalimu Karimi alitoka Meru, upande wa juu kwenye baridi, na wiki ya kwanza alikuja kazini na sweta. Tulimcheka. Mama mmoja alimwuliza, "Mwalimu, hiyo ni ya kuzuia jua lisitoke?" Naye akacheka, akaivua, sikuiona tena. Alikuwa msichana mdogo lakini alikuwa na njia yake ya kufanya kazi, na mtu akimwambia vingine alinyamaza tu halafu akaendelea na njia yake. Asubuhi alifundisha nyimbo na kuhesabu. Uji ukiisha na watoto wakienda nyumbani, hakwenda kulala. Alizunguka nyumba za watu. Alikaa kwenye kitanda cha mama, akauliza mtoto analala na nani, nani humbeba, anachekeshwa na nini, anaogopa nini. Watu walimshuku. "Huyu ni wa serikali? Amekuja kuhesabu watoto?" Ndiyo maana alinichukua mimi, niwe mdomo wake. Kiturkana ni changu, na Kiborana changu kilikuwa cha sokoni, cha kununua maziwa na kugombana, lakini kilitosha. Aliniambia tukitembea, "Mama Ekal, mtoto akifika darasa la kwanza bila kuzoea watu, bila kujua kuomba maji, huyo mwalimu wa huko atamwita mjinga, na mtoto ataamini. Sisi ndio tuko hapa mapema."

Hivyo ndivyo tulivyompata Talaso. Mama yake alikuwa Mborana, muuza maziwa, anaondoka alfajiri na mitungi yake, na nyumbani aliyebaki alikuwa mama mkwe wake peke yake, mwanamke mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Ako, maana yake bibi, na Ako macho yalikuwa yamefifia. Tuliingia tukamkuta mtoto wa kike amefungwa leso kiunoni, na ncha ya leso imefungwa kwenye nguzo ya katikati ya nyumba. Alikuwa wa rika la nasari. Mguu mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na hakuwa anasema kitu. Mwalimu alichuchumaa kwenye mlango. Mimi nilikuwa tayari kufoka, lakini mama mtu aliingia wakati huo huo na mitungi mitupu, akatuona tunaangalia ile leso, akawaka kabla yangu.

"Mnaangalia nini? Ako haoni. Moto uko hapo. Ninyi mngemfunga wapi?"

"Ningemfunga hapo hapo," Mwalimu akasema. "Ni fundo zuri, halimuumizi. Anapenda nini?"

Yule mama alikuwa amejiandaa kwa vita, na vita havikuja. Akabaki ameshika mtungi. "Anapenda uji," akasema. "Wa kwangu ukipoa anautupa. Anataka wa moto."

"Basi mlete kwa Mama Ekal. Wake ni moto mpaka unachoma ulimi, na yeye mwenyewe vilevile."

Walicheka wote wawili kwa gharama yangu, na kesho yake Talaso aliletwa mgongoni.

Sasa sikilizeni juu ya kikombe, kwa sababu kikombe ndicho kiini cha maneno haya. Mwalimu alimtengea Talaso kikombe cha bati cha bluu, kilichobanduka rangi ukingoni. Siku za kwanza alimpa mkononi. Baadaye akaanza kukiweka chini karibu na ukuta, mbali kidogo tu, mahali ambapo mtoto angeweza kufika akijivuta. Talaso alilia. Akina mama waliokuwa wamekaa mlangoni walisema huo ni ukatili. Mwalimu akakiacha pale pale. Talaso alimaliza kulia, akajivuta, akanywa. Baadaye tukakiweka juu ya tofali, ili asimame. Akasimama ameshika ukuta, mguu ule mwembamba ukitetemeka kama wa mbuzi aliyezaliwa leo. Halafu kikombe kikaanza kusafiri. Kila asubuhi kilisogea kidogo kufuata ukuta, kutoka pembeni kuelekea dirishani, na Talaso akakifuata, mkono ukutani, mpaka udongo wa pale ukawa na mstari unaong'aa wa jasho la kiganja chake. Watoto wengine walimpigia makofi kama gari linalosukumwa. Na siku moja akiwa katikati ya safari, mimi nimechelewa na mwiko, alinigeukia akasema, "Uji!" Kwa sauti nzito, ya amri, kama chifu. Mama yake alikuwa mlangoni. Aliangusha kifuniko cha mtungi, kikabingirika mpaka kwa kanisa, hakuna aliyekifuata.

Tangu siku hiyo mama Talaso akawa wetu. Akimaliza kuuza maziwa alipita nasari, akakaa na akina mama wengine kwenye kivuli cha ukuta, na hapo ndipo Mwalimu alipofanyia kazi yake nyingine bila wao kujua ni kazi. Walizungumza juu ya kuhara, juu ya mtoto anayekojoa kitandani, juu ya mume anayepiga. Mama wa Kimeru aliyeuza miraa alimfundisha wa Kisomali kusonga nywele za mtoto asilie, na wa Kisomali akamwambia, "Wewe na majani yako, watoto wako ndio hawalali." Nilikuwa nachanganya unga na kusikiliza. Sijawahi kukaa mahali pengine katika Isiolo hii ambapo wanawake wa kila lugha walizungumza hivyo bila kuwa wananunua kitu.

Kikombe kilifika dirishani. Mwalimu akaniambia mpango wake. Kutoka dirishani mpaka mlango wa nyuma, ule wa kutokea jikoni kwangu, hakukuwa na ukuta, ni nafasi tupu ya sakafu, hatua chache za mtoto. "Tutakiweka kwako, Mama Ekal. Atauachilia ukuta." Tukakubaliana iwe wiki ijayo. Mwalimu akaenda kwao Meru kumwona mama yake mgonjwa.

Mwenyekiti wa kamati ya nasari alikuwa Mzee Ewoi, mtu wetu, Mturkana, mzee wa kanisa, mwenye tai shingoni hata joto likiwa la kuua. Simsemi vibaya kwa kila kitu. Ardhi ile ya nasari aliipigania yeye. Lakini ufunguo wa stoo, ambamo Landrova ilifungiwa uji ukiisha, alikaa nao yeye, na Jumamosi hiyo aliozesha binti yake. Nilialikwa, nikaenda. Mnajua harusi yetu, ng'ombe dume wa harusi hachinjwi kwa kisu, anachomwa mkuki, na bila hivyo wazee hawasemi binti ameolewa. Hiyo ni mila na mimi siioni aibu. Nyama niliila. Lakini nilipozunguka nyuma kusaidia wapishi, niliona Landrova iko motoni, imejaa nyama ya yule ng'ombe wa mkuki.

Nikamwendea mke wa Mzee Ewoi. "Mama Bibiarusi, hii ni ya watoto."

"Si itaoshwa?"

"Kuna watoto wa Kiislamu wanakula ndani yake. Mnyama wa mkuki kwao ni mzoga."

"Mama Ekal, leo ni harusi. Wacha maneno ya nasari, shika mwiko."

Jumatatu niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka nikajiona uso ndani. Nikapika. Nikaburuta, ikanguruma. Waliokuja mbio walikuwa watoto wa Kiturkana na wa Kimeru. Upande ule mwingine wa magunia, wa Waborana na Wasomali, ulikuwa mtupu. Harusi yenye wapishi kama wale ina siri gani? Mtaa mzima ulijua. Mama Talaso alikuja peke yake, akasimama nje ya ua wa miiba, hakuingia.

"Mama Ekal, si mimi," akasema. "Mimi ningemleta. Ni Ako. Amesema mjukuu wake hatakula hapo."

"Hata milele?"

"Hapana! Sikiliza. Ako anasema ni jambo dogo. Niioshe mimi, kwa maji yangu, kwa mkono wangu, nikiomba dua, akina mama wengine wakiona. Kisha imeisha. Watoto warudi kesho."

Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia juu ya miiba. Maji na dua! Nilikimbia na aproni kwa Mzee Ewoi, nikamkuta anakunywa chai ya mabaki ya harusi, nikamwambia. Akaweka kikombe chini pole pole.

"Imeoshwa ama haijaoshwa?"

"Nimeiosha mimi."

"Basi. Ikioshwa tena mbele ya watu, tumesema nini? Tumesema ng'ombe ya binti yangu ilikuwa uchafu. Tumesema mkono wako ni uchafu. Wewe unakubali hivyo?"

"Mzee, mimi nikubali nisikubali, mtoto hajanywa uji."

"Hapana. Wakitaka, walete watoto. Wasipotaka, mlango uko wazi, hatujafunga."

Mwalimu aliporudi na kusikia, alikaa kwenye jiwe la jiko, jiwe likiwa bado na moto, akaruka. Ni mara moja tu nilimwona akikaribia kulia, na ilikuwa siku hiyo. Aliomba mkutano. Mkutano ukakaa ndani ya chumba kile kile, wanaume kwenye viti vilivyotoka kanisani, sisi kwenye magunia. Wazee wa Kiborana walikuja pia, na ninawaambia ukweli, nao hawakuwa bora. Mwanzo walitaka sufuria ioshwe tu. Waliposikia Mzee Ewoi anakataa, wakataka aseme kwa mdomo wake kwamba amekosa. Mzee Ewoi akasema harusi si kosa. Mmoja akakumbusha mambo ya kisima cha zamani. Mwingine akajibu kwa mambo ya ng'ombe walioibwa kabla mimi sijaolewa. Mtu akapendekeza inunuliwe sufuria mpya, wakaanza kubishana nani anunue, kwa kuwa atakayenunua atakuwa amekubali. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka dirishani, nami nikawa naangalia ule mstari wa kiganja ukutani, na kikombe cha bluu kimening'inia pale kwenye msumari ambako Mwalimu alikiweka. Hakuna aliyewataja watoto. Mwalimu aliinua mkono, mwenyekiti akamwambia, "Mwalimu, subiri, haya ni mambo ya wazee." Wakaahirisha. Wakakaa tena. Wakaahirisha tena.

Katika siku hizo nilipita kwa akina Talaso na uji kwenye mkebe wangu wa nyumbani, lakini Ako alinusa akauliza umetoka wapi, na mimi sikuweza kumdanganya mzee asiyeona. Leso ilikuwa imerudi kiunoni. Mtoto aliponiona alisema, "Uji," lakini sasa alisema polepole, kama anayeuliza. Akasimama, akashika nguzo, akazunguka nguzo, leso ikamzungukia, akaanguka. Akasimama tena. Nyumba ile ilikuwa ya kuinama, ya miti na ngozi na magunia, haikuwa na ukuta wa kushika. Nilitoka nje nikamtukana mbuzi wa watu.

Siku niliyochoka, nilichoka kabisa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na mwenyekiti alikuwa ameacha stoo wazi ili mabati yatengenezwe. Nilijitwika sufuria kichwani, mchana, nikapita nayo katikati ya soko. "Mama Ekal unahama?" waliniita. "Umefukuzwa na mume?" Mzee Ewoi alikuwa kwa kinyozi. Alisimama na sabuni nusu ya uso. "Hiyo inaenda wapi?" Sikugeuka, maana ukiwa na sufuria kama ile kichwani hugeuki ovyo. Nilifika kwa mama Talaso nikaishusha mlangoni, ikanguruma. "Osha," nikasema. Aliita majirani. Walimwaga maji, wakasugua, Ako akasoma dua yake, kazi yote ikaisha kabla ya jasho langu kukauka. Nilisimama pale nikiangalia maji yakienda na mtaro, nikafikiria mikutano yote ile.

Kisha nikauliza, "Talaso yuko wapi?"

Mama yake alikuwa anakausha sufuria na ncha ya nguo. Hakuinua kichwa. "Mjomba wake alikuja kutoka Gotu, kule malishoni, akamchukua. Mvua imenyesha, mbuzi wana maziwa, na kule kuna watu wa kumshika. Hapa ningemfunga mpaka lini, Mama Ekal?"

Watoto wengine walirudi, kesho yake, wakipiga kelele zao. Mzee Ewoi alinikatia salamu kwa muda mrefu, halafu akasahau kwamba amenuna, na hakuna siku alisema tungeweza kufanya hivyo tangu ile Jumatatu. Mwalimu alituma ujumbe Gotu kwa kila mtu aliyekwenda huko, na jibu lilikuwa watamleta mvua ikiisha. Mvua iliisha. Kikombe kilikaa kwenye msumari mpaka mwaka ukafungwa, na mtoto mwingine alipokitaka, Mwalimu alimwambia kina mwenyewe.

Sasa matangani. Mlikuwepo, lakini mlikuwa na simu zenu. Mama Talaso alikuja kumzika Mwalimu, mzee kama mimi sasa, na pamoja naye mwanamke mrefu mwenye buibui, wa makamo. Alitembea akifuata ukuta wa mabati wa nyumba ya wafiwa, kiganja kwenye bati, mguu mmoja ukiburuta nyuma yake. Ukuta ulipoisha, pale pembeni, palikuwa na uwanja mtupu mpaka tulipokaa wanawake. Akasimama. Hakuita mtu. Alisimama tu mkono ukiwa kwenye pembe ya bati, anasubiri, kama mtu aliyezoea kusubiri. Nilijua ni nani kabla mama yake hajasema. Niliinuka na haya magoti, nikavuka, nikampa mkono. "Huyu ndiye wa uji," mama yake akamwambia. Yeye akaniangalia, akatabasamu kwa adabu. Hakunikumbuka. Angenikumbuka vipi?

Na tulipokaa tu, yule jirani wetu Msomali aliyekuja na mtoto wake mgongoni alichukua kikombe chetu kwenye karai, kile cha chai tulichobeba kutoka nyumbani, akaenda kukiosha tena mferejini kabla ya kumpa mtoto. Nikasikia mmoja wenu, simtaji, anajijua, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ati anaosha tena? Kwani sisi ni wachafu?" Na wengine wenu mkacheka. Yule mama alisikia. Alirudisha kikombe kwenye karai, akakaa, na mtoto wake akalia kiu mpaka maombi yakaisha.

Ndiyo maana jioni ile niliwaita wote, hata walioolewa, nikazima redio, nikasema mara moja na sasa naandika ili asiwepo wa kusema hakusikia: mtu yeyote akitaka kuosha chombo chetu kabla mtoto wake hajala, mpeni maji. Mpeni na sabuni. Mshikieni mtoto akiosha. Na nisisikie mtu wa nyumba hii akimwuliza kwa nini.